Mswada na Dalali: Nani Amlipe Nani?

Ndugu msomaji, mwenzangu katika kalamu, naomba nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilimlipa mtu shilingi 80,000 ili anipelekee mswada wa riwaya yangu kwa wachapishaji. Simtaji jina wala mji anaokaa, maana sikuja hapa kumshtaki mtu. Nimekuja kuuliza. Je, ni haki mwandishi amlipe mtu ampelekee kazi yake? Na yule anayelipwa, je, anakula halali?

Najua wengine mmeshaguna. "Huyu naye kaingizwa mjini, sasa anatafuta wa kulia naye." Ngojeni kwanza. Jambo lenyewe lina ugumu wake, kwa sababu mtu yule hakunitapeli.

Ilikuwa hivi. Riwaya yangu niliiandika kwa mkono, kaunta buku nne, kwa muda wa miaka mitatu. Kuichapa stesheneri zilitoka kurasa 214, kila ukurasa shilingi 500, jumla 107,000. Fedha hiyo niliipata kwa kubeba ndoo za dagaa pale mwaloni Mwigobero, alfajiri mitumbwi inaporudi kutoka ziwani. Begani nina alama hadi leo. Sasa mswada umechapwa, unang'aa, nautazama, nao unanitazama. Niupeleke wapi? Mimi ni kijana wa Musoma niliyeishia kidato cha nne. Wachapishaji wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na hata mmoja simjui.

Hapo ndipo nilipokutana na tangazo kwenye simu. Lilisema wanawasilisha mswada wako kwa wachapishaji kumi, na kwamba waandishi wengi wanakufa na vipaji vyao kwa kukosa njia. Maneno hayo ya mwisho yalinipiga kifuani. Nikajiona nimeshakufa, nimeshazikwa, na kaunta buku zangu zinafungia vitumbua. Nikatuma fedha.

Siku ya kwanza bwana yule akaniandikia kwamba amepitia kazi yangu na ni moto wa kuotea mbali. Jamani, usiku ule sikulala! Baada ya wiki akanitumia ushahidi kwamba kazi imekamilika. Ilikuwa barua pepe moja tu. Anwani kumi zimepangwa mstari mmoja, kila mchapishaji anaona kwamba wenzake tisa nao wametumiwa. Jina langu limekosewa. Na kati ya hao kumi, wapo ambao nijuavyo mimi huchapisha vitabu vya shule tu. Hakuna aliyejibu mpaka leo.

Lakini nirudie tena: aliahidi kupeleka, akapeleka. Ukinipandisha kizimbani niapie kwamba kanidanganya, sitaweza. Basi kosa liko wapi? Au hakuna kosa, ni mimi tu ninayelialia?

Huenda ningeacha yaishe hivyo, lakini mwaka huu aliniandikia tena. Safari hii alikuwa na huduma mpya: shilingi 250,000, na mswada wangu utapelekwa kwa mawakala wa waandishi wa Ulaya na Marekani. Nilimsomea mama ujumbe ule, kama masihara vile. Mama huanika dagaa, na yumo kwenye kikoba cha akina mama wa hapa mtaani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Naweza kuikopa kikoba, mwanangu. Ila niambie kitu kimoja. Huyo mtu, kitabu kikikataliwa, yeye anapoteza nini?"

Sikuwa na jibu. Makala haya yote, ndugu msomaji, ni kujaribu kumjibu mama.

Kwanza tuelewane kuhusu hao mawakala. Hapa kwetu Mwigobero neno wakala halihitaji kamusi. Kuna wakala wa M-Pesa, kuna wakala wa basi, kuna wakala wa sangara. Kule Uingereza na Marekani yupo pia wakala wa mwandishi. Huyo husoma mswada, akiupenda huuhangaikia kwa wachapishaji, na ukinunuliwa hukata sehemu yake katika mapato ya mwandishi, kwa kawaida asilimia 15. Usiponunuliwa hapati kitu. Wakala mwenye sifa hatozi ada ya kusoma. Kwa hiyo anayeniambia nimpe 250,000 anifikishe kwa wakala ananikatia tiketi ya kuingia mahali ambapo hakuna kiingilio. Tena mswada wangu ni wa Kiswahili! Wakala wa New York ataufanyia nini?

Hilo ni rahisi. Lakini huduma ile ya kwanza, ya wachapishaji wa hapa nyumbani, je?

Nina rafiki yangu, fundi simu, mtu wa kubishana kuliko wote kijiweni kwetu. Yeye alinikatalia katakata. Akasema, "Mkono mtupu haulambwi, mshikaji. Mbona wa stesheneri ulimlipa? Mbona posta unalipa? Na boti ya kwenda Kinesi je? Ukifika ng'ambo ukamkosa uliyemfuata, utarudi kumdai nahodha nauli yako?"

Hoja hiyo ilinikalisha siku mbili. Ninyi msiofika kwetu, Kinesi iko upande wa pili wa ghuba, kule Rorya, na watu huvuka kutoka hapa Mwigobero. Ni kweli, nahodha halipwi kwa sababu mwenyeji wako yupo. Analipwa kwa kukuvusha. Basi na huyu wa miswada si kavusha tu?

Siku ya tatu nikapata jibu, nikamfuata fundi wangu. Nahodha, nikamwambia, anauza kuvuka, na kuvuka nakuona kwa macho yangu: nilikuwa huku, sasa niko kule. Hajanitafuta nyumbani kunieleza kwamba Kinesi kuna kazi inaningoja. Siku nahodha atakapozunguka mtaani akiwaambia vijana wasio na kazi kwamba ng'ambo kuna ajira, ili wajaze boti yake, siku hiyo nauli itakuwa ileile na maji yaleyale, lakini biashara itakuwa nyingine. Atakuwa anauza tumaini, nauli ni kisingizio. Na huyu wangu hakuniambia kwamba anauza kutuma barua pepe. Angeniambia hivyo, ningejiuliza kwa nini nisitume mwenyewe kwa bando la shilingi 500.

Fundi akacheka, akasema nimeanza kuwa wakili. Lakini hakuendelea kubisha.

Kwa hiyo nimeshika kanuni ya kwanza. Kazi ya mikono ilipiwe: kuchapa, kudurufu, kurekebisha tahajia, kutuma kifurushi kwa basi. Kazi hizo zina mwanzo na mwisho, na ukidhulumiwa unajua umedhulumiwa kiasi gani. Hata hapo fungua macho. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi redioni, Chinua Achebe, alituma mswada wake wa mkono, nakala pekee aliyokuwa nayo, kwa kampuni ya London iliyotangaza gazetini kwamba inachapa miswada. Ada akalipa. Miezi ikapita, kimya. Bahati yake, mkuu wake wa kazi, Mwingereza Angela Beattie, alikuwa anakwenda London, naye akakubali kupitia ofisi ile. Akaukuta mswada umelala kwenye kona, hakuna anayeushughulikia. Mama yule akawaka. Ndipo kazi ikafanyika.

Baadaye mswada huo ulipelekwa kwa wakala huko London. Wachapishaji kadhaa wakaukataa, eti riwaya za Waafrika hazina soko. Kampuni ya Heinemann ikaukubali, na tarehe 17 Juni 1958 kitabu kikatoka, nakala 2,000. Ni Things Fall Apart, ambacho mwaka 1973 tulikipata kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Tazama watu walioshika mswada ule. Wachapaji walilipwa kabla, wakaulaza kwenye kona. Angela Beattie hakulipwa kitu, akaukoa. Wakala alikuwa hali mpaka kitabu kinunuliwe, akauzungusha. Tena mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi Makerere, Achebe huyohuyo alipokea mswada kutoka kwa mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, akauona unafaa, akaufikisha Heinemann. Ukatoka mwaka 1964, ndio Weep Not, Child, na mwanafunzi yule ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Sijasikia popote kwamba Ngũgĩ alimpa Achebe bahasha.

Sasa nirudi mwaloni, maana swali la mama liko kule. Wakala wa sangara mara nyingi humpa mvuvi nyavu, injini, hata mafuta, kwa mapatano kwamba samaki watauzwa kwake. Simfanyi kuwa malaika. Bei huipanga yeye na mizani huishika yeye, na wapo wavuvi wanaozeeka na deni lilelile. Lakini tazama jambo moja: mvuvi akirudi mikono mitupu, wakala naye kala hasara. Kwa hiyo kabla ya kutoa nyavu huuliza maswali. Huyu mtu ni mlevi? Anaujua upepo? Mtumbwi wake unavuja? Na akiona hufai anakwambia hufai, mbele ya watu, unabaki na aibu yako. Inauma. Lakini umejua.

Huyu wangu hakuniuliza swali hata moja. Kwa nini aniulize? Riwaya yangu iwe dhahabu au iwe takataka, yeye 80,000 yake imeshaingia. Tena ikiwa takataka ni bora kwake, maana mwakani nitakuwa bado natafuta njia, nami nitalipa tena. Na ndivyo alivyofanya: amenirudia. Mwandishi aliyefanikiwa ni mteja aliyepotea.

Hapo ndipo nilipoona kwamba zile shilingi 80,000 si hasara yangu kubwa. Kubeba ndoo nitabeba tena. Hasara kubwa ni kwamba nimepitisha mwaka mzima bila kujua lolote jipya kuhusu riwaya yangu. Nilipewa "ndiyo" iliyonunuliwa, na "ndiyo" ya kununua haina habari ndani yake. Laiti mtu mmoja angeniambia kwamba sura tatu za mwanzo zinachosha, kwamba shujaa wangu analia kila ukurasa wa kumi, ningekuwa nimeshaandika upya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumekwenda mbele zaidi: tunalipia sifa zenyewe, halafu tunashangaa kwa nini tembo letu halimlevyi mtu.

Utasema namwonea, huenda ni mtu mwema anayetafuta riziki. Inawezekana. Na hili ndilo lililo gumu kuliko yote kulisema, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa yeye. Kwa siku nne.

Miezi mitatu iliyopita alinijia dogo mmoja wa kidato cha nne na daftari la mashairi. Alikuwa amesikia kwamba mimi "najuana na wachapishaji". Alinipa shilingi 10,000, noti moja iliyokunjwa mara nyingi, akaniomba nimpelekee. Nami nikaipokea! Nikajiambia ni ya bando na usumbufu. Nikafungua daftari, nikasoma mashairi mawili, nikamwambia, "Dogo, uko vizuri." Alipoondoka ndipo nikasoma yaliyobaki. Hayakuwa vizuri. Mizani imevunjika kila beti, na mapenzi yenyewe ni ya nyimbo za redioni. Lakini yalikuwepo mashairi mawili kuhusu baba yake aliyezama ziwani, na hayo, hata kwa mizani mbovu, yalinifanya nifunge daftari na kutoka nje.

Kwa nini sikusoma kwanza? Kwa sababu noti ilikuwa mfukoni. Fedha ikitangulia, ulimi unalainika wenyewe, hata kama huna nia ya kumdhulumu mtu. Hilo silisemi kwa kusoma vitabu, nililiona kinywani mwangu. Siku ya nne nikamtafuta. Nilikuwa nimeshatumia 2,000, nikakopa kwa fundi simu nikaikamilisha, nikamrudishia 10,000 yake. Halafu nikamwambia ukweli: haya mengine weka kando, haya mawili ya baba yako yaandike upya, na jifunze kwanza mizani. Hakunishukuru. Alichukua daftari lake akaondoka, na tukipishana sasa anatazama pembeni. Kwa ile "uko vizuri" tungekuwa marafiki hadi leo. Kwa bei ya 10,000 ningepata fedha, rafiki na sifa ya kujuana na wachapishaji, na yeye angeendelea kuandika mashairi mabovu kwa furaha. Hii biashara ni tamu pande zote mbili, ndiyo maana haifi.

Na haifi pia kwa sababu ya kimya. Hapa wachapishaji nao wana lao. Najua hali zao. Riwaya haina soko la uhakika kama kitabu cha shule, na mhariri mmoja ana rundo la miswada mezani. Lakini mtu akiandika miaka mitatu, akatuma, asijibiwe hata kwa mstari mmoja, mnamtupa moja kwa moja mikononi mwa dalali. Dalali yeye hujibu saa hiyohiyo, tena kwa kukuita "mwandishi". Neno "hatutaichapa" lina uchungu, ila lina heshima ndani yake. Kimya hakina.

Mtu atauliza: na wale wanaolipa kiwandani wachapiwe wenyewe? Hao nawaweka kando, na wengi wao nawavulia kofia. Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974, baadaye alikuwa na kampuni yake, Continental Publishers. Ben Mtobwa aliyefariki mwaka 2008 alianzisha Heko Publishers. Mtu wa namna hiyo ananunua karatasi na wino, vitabu vinakuwa vyake, hasara ni yake na faida ni yake. Ataambiwa ukweli na wasomaji, tena haraka: vitabu vitauzika au vitaliwa na panya. Ni kucheza kamari, lakini karata kashika mwenyewe.

Njia zisizo na mtu wa kati zipo, ingawa ni nyembamba. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, na ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu mwaka 1922 hapo Butiama, ambako kwetu sisi ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Huko mwandishi hutuma mwenyewe, na majaji hawana sababu ya kumsifu mtu. Wengi tutashindwa. Basi tushindwe kwa watu ambao hawakula fedha yetu.

Kabla ya hapo tusomane. Tuko vijana wangapi Musoma, Bunda, Tarime, tunaoficha kaunta buku chini ya godoro? Tubadilishane miswada, mmoja asome wa mwenzake na kalamu nyekundu mkononi, bila senti, na aseme anachokiona. Tutagombana, najua. Dogo wa mashairi amenifundisha hilo. Lakini naona ni heri ugomvi ule kuliko urafiki ambao ungegharimu 10,000.

Namjibu mama sasa. Hapana, mama, usikope. Kitabu kikikataliwa yule mtu hapotezi chochote, na mtu asiyepoteza chochote hawezi kuniambia kama riwaya yangu ni nzuri au mbaya. Mimi na wewe tungepoteza 250,000, na kila wiki ungekaa mbele ya wenzako kikobani ukirejesha deni la "moto wa kuotea mbali".

Nilimwambia hivyo jioni, tukikusanya dagaa kabla umande haujashuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Sasa hicho kitabu chenyewe, mbona mimi hujawahi kunisomea?"

Jamani, miaka mitatu! Jana nimeanza kumsomea. Tulifika ukurasa wa tisa akasinzia. Leo asubuhi nimeanza kuandika upya sura ya kwanza.